Makoti Yenye Masikio

Timau, Meru
18 Julai 1994

Kwako dada yangu Phyllis,

Pokea salamu zetu kutoka huku kwenye baridi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Njue na watoto, na kwamba kile kikohozi ulichokuja nacho wakati wa Pasaka kimekwisha. Mama naye anaendeleaje? Nilisikia goti limeanza tena kumsumbua na kwamba siku hizi hashuki shamba la chini kuchuma chai. Ukienda Kibugu mwambie nimemshonea shali ya sufu, nitaituma nikipata mtu wa kuaminika.

Sisi huku tu wazima kiasi. Baridi ya mwaka huu imepita kipimo. Viazi vya upande wa bondeni vimechomwa na umande ulioganda, majani yamekuwa meusi kana kwamba mtu amepitisha moto. Mwanetu Gacheri amekuwa mgonjwa wa sikio, lile lile la kushoto, lakini sasa usaha umekauka na jana alikula githeri sahani nzima, mahindi na maharagwe yote. Shemeji yako Mbaabu yupo. Anafanya kazi ya kuchimba mitaro kwenye shamba la maua, anatoka alfajiri na kurudi akiwa na matope hadi magotini.

Najua unajiuliza kwa nini nimekuandikia kwa Kiswahili, sisi ambao tumezoea Kiembu chetu. Nilijaribu kwa Kiembu nikashindwa. Ilikuwa kama nimesimama mbele yako jikoni kwa mama na wewe unanitazama. Kwa Kiswahili naweza kujifanya nakuandikia insha, kama zile ulizokuwa ukinisahihishia.

Najua pia bado una hasira na Mbaabu kwa ajili ya yale makoti. Una haki ya kukasirika. Lakini nakuomba, kabla hujaendelea kumkasirikia, usome mpaka mwisho.

Unakumbuka jinsi ilivyoanza, au labda sikukueleza vizuri. Mbaabu alipopunguzwa kazi kwenye shamba la ngano, alikaa nyumbani muda mrefu. Mtu aliyekuwa akiendesha kombaini ya kuvuna, watoto wakimkimbilia barabarani, sasa alikuwa akikaa kwenye kigoda akihesabu kuku. Wakati huo Gacheri alikuwa akiumwa sikio kila baridi ikija, na hakutaka kabisa kufunikwa kichwa. Ukimvika kofia anaivua, ukimfunga leso anaitupa. Siku moja Mbaabu akachukua lile blanketi la kijivu lililotoboka, akaenda kwenye cherehani aliyonipa mama, akamshonea koti lenye kofia, na juu ya kofia akaweka masikio mawili ya sungura. Moja lilisimama, jingine lilianguka. Gacheri mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Alisema sikio linalouma lilale, lile zima lisikilize. Kuanzia siku hiyo hakuvua koti hata kitandani.

Watoto wa jirani walipoliona, hatukupumzika tena. Mtoto wa Thuranira alitaka kuwa kinyonga, akashonewa koti la viraka vya sweta kuukuu, kila kiraka rangi yake, na mkia uliojikunja nyuma. Msichana wa mwalimu alitaka kuwa ndege kanga, akawekewa vifungo vyeupe mgongo mzima. Mbaabu hakuwa akiwauliza wazazi. Alikuwa akichuchumaa mbele ya mtoto na kumwuliza taratibu, "Wewe baridi ikija ungependa kuwa nani?" Kisha anangoja jibu, hata mtoto akichukua muda. Wazazi walileta mablanketi ya zamani, mabaki ya magunia, na shukrani za viazi na maziwa. Alianza tena kupiga mbinja, zile mbinja zake za shambani wakati wa mavuno.

Mimi, dada, sikufurahi. Nilijaribu. Lakini kila mtu aliyepita njia yetu alimwona mume wangu barazani, mwanamume mzima wa miraba minne, akitia pamba kwenye mkia wa punda. Aliniuliza mara moja kama macho ya bundi yawe ya manjano au ya kahawia, nikamjibu sijui, nikaingia ndani.

Kisha ikaja Jumapili ya watoto kanisani. Waliitwa mbele kuimba, na nusu yao walikuwa wamevaa makoti ya Mbaabu. Masikio yakawa yanatikisika, mikia inapepea, na yule wa kinyonga akageuka nyuma akaanza kuimba akiwatazama wazee. Kanisa zima likacheka. Leo nikikumbuka naona kwamba kilikuwa kicheko cha furaha, hata mchungaji alijifuta machozi. Lakini Karwirwa, mwenyekiti wetu wa akina mama, alikuwa amekaa nyuma yangu. Aliniinamia akaniuliza kwa sauti ya huruma kama Mbaabu amepelekwa kwa daktari. Alisema mwanamume akipoteza kazi, kichwa nacho huweza kumpotea, na kwamba wangetuombea. Waliokuwa karibu wakasikia. Nilitaka ardhi inimeze. Tangu siku hiyo sikusikia kitu kingine chochote, nilisikia Karwirwa tu.

Ndipo ukaja Pasaka. Uliyaona makoti, ukacheka hadi ukashika ukuta, halafu ukaanza kuyageuza na kutazama mishono. Ulituambia habari za Njoki, jirani yako hapo mtaani Majimbo, aliyekuwa akitayarisha duka la vitu vya watoto mjini Embu. Ulisema hataki mitumba wala vile vitu vya plastiki vinavyofanana nchi nzima. Alikuwa ametafuta wanasesere wa majani ya migomba, kila mmoja na sura yake, na malori ya mbao yenye milango inayofunguka, na magauni ambayo mfuko mmoja ni samaki na mwingine ni jua. Ulisema vyote vimetengenezwa na watu ambao hakuna aliyewajua, na kwamba Njoki akiona makoti haya atalia. Mbaabu alikusikiliza kama mtoto anayeambiwa atapelekwa kuona bahari. Ukaongeza kwamba kila koti litafungiwa kikaratasi chenye jina la aliyelishona na mahali atokako, na kwamba wewe mwenyewe ungesimama dukani siku ya kufungua na kuwaambia watu huyu ni shemeji yako, amemuoa mdogo wako.

Ulikuwa na furaha, dada. Mimi nilikuwa nikimimina chai, na nilichokuwa nikiona ni watu wa kwetu Kibugu wakishuka mjini siku ya soko. Niliwaona wakisoma hicho kikaratasi, wakiulizana kama si huyu mume wa Celina, yule mtu wa kombaini. Nilimwona kila mmoja wao akiwa na uso wa Karwirwa.

Mbaabu alishona kuanzia wiki ile hadi mwisho wa Mei. Sijawahi kumwona akifanya kazi namna ile. Koti la tembo lilimpa taabu kuliko yote. Mkonga ulianzia kwenye kofia, ukashuka begani hadi kwenye mfuko, na ndani ulikuwa mtupu, ili mtoto aweze kupitisha bisi kutoka juu zikashuke mfukoni. Alilifumua na kulishona upya mara nyingi, maana bisi zilikuwa zikikwama.

Siku ambayo shemeji Njue alikuja na lori kuchukua viazi, Mbaabu hakuwapo. Alikuwa amekwenda Kibirichia kumzika mjomba wake. Aliacha makoti yamekunjwa ndani ya gunia safi, karibu na mlango. Aliniachia maneno ya kumwambia Njue, kwamba viazi visiwekwe juu ya gunia hilo, ili masikio yasije yakalala.

Dada Phyllis, ni mimi.

Si Mbaabu aliyeyafumua. Ni mimi, mchana kweupe, jua likiwaka. Mbaabu alipotoweka kwenye kona, nilichukua wembe wake nikafungua gunia. Nilikata masikio, nikakata mikia, nikang'oa vifungo vya kanga na macho ya bundi. Nilikuwa nikijiambia kwamba nasaidia, kwamba makoti yenyewe ni mazuri na yana joto, na kwamba watu wa mjini wangeyanunua upesi yakiwa ya heshima. Nilijidanganya hivyo mpaka la mwisho. Vitu vyote nilivitia kwenye beseni nikaenda kuvimwaga chooni, ili hata nikijuta nisiweze kuvirudisha. Kisha Njue akafika, nikampa chai na viazi, tukaongea habari za watoto. Alipokuwa akipakia nikamwambia, kama nilivyoagizwa, asiweke viazi juu ya gunia lile. Ndiyo, nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Yaliyotokea Embu unayajua kuliko mimi. Barua yako ilipofika, Mbaabu aliisoma akiwa amesimama mlangoni, kisha akakaa akaisoma tena. Ulimwambia amekuvua nguo mbele ya watu. Ulimwambia kwamba Njoki alifungua gunia mbele ya wazazi waliokuwa wamealikwa, akatoa mablanketi yenye matundu ya sindano, na kwamba afadhali angekataa tangu mwanzo kuliko kukufanyia mzaha. Aliinua macho akanitazama. Mimi nikatazama sufuria. Hakuniuliza.

Kesho yake akakuandikia ile barua ya kukuomba msamaha, akanipa niipeleke posta. Aliniambia mwenyewe alichoandika. Alisema, "Nimemwambia dada yako ni mimi niliyefumua, niliogopa watu wa mjini watacheka." Nikaichukua, nikatembea nayo hadi posta, nikainunulia stempu, nikaitia kwenye sanduku. Kwa hiyo yale uliyosoma ni uongo, dada, na uongo huo aliusema kwa ajili yangu, nami nikauruhusu.

Tangu hapo cherehani imefunikwa. Watoto wakija kuuliza, anawaambia uzi umekwisha. Hapigi mbinja. Ndipo alipotafuta ile kazi ya mitaro.

Na hilo silo lililonivunja. Siku ile ya wembe, Gacheri alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Njue alipoondoka, aliniletea koti lake la sungura akaninyooshea. Alisema niliondolee masikio hili pia. Nilimwambia hapana, lako libaki. Akaniuliza kwa nini lake libaki. Kuanzia siku hiyo hakulivaa tena, akawa anatembea kichwa wazi kwenye upepo huu wa Julai, nami sikuwa na uso wa kumlazimisha. Sikio likaanza.

Wiki iliyopita lilizidi usiku kucha, asubuhi tukampeleka zahanati. Muuguzi akatuuliza, kwa ukali kidogo, kwa nini mtoto anaachwa bila kitu kichwani na baridi hii. Kabla sijajibu, Gacheri akamwambia kwamba yeye ana koti zuri alilotengenezewa na baba, lakini mama analionea aibu. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza mahali nyumba ilipo. Benchi zima la akina mama likageuka kututazama. Mbaabu alikuwa amempakata. Alimfunika kichwa kwa kiganja chake, akawa anatazama ukutani.

Tulipofika nyumbani na mtoto kulala, nilimwambia yote. Nilipiga magoti, ingawa hakunitaka nipige. Alisema alijua tangu mstari wa kwanza wa barua yako, maana hakuna mtu mwingine aliyekuwa nyumbani. Nilimwuliza kwa nini basi alikubali kubeba lawama. Akasema wewe ni dada yangu wa tumbo moja, na yeye ni mtu wa kuoa tu. Mkikosana mimi na wewe, mama angeumia, lakini akikosana yeye nawe, ni jambo la kawaida la mashemeji.

Kisha akaniuliza jambo moja tu. Aliuliza nilianza na lipi. Nikamwambia nilianza na la tembo, kwa kuwa ndilo lililokuwa juu. Akasema ndiyo, alikuwa ameliweka juu ili ukifungua gunia uone hilo kwanza.

Dada, sikuombi unisamehe kwa haraka. Nakuomba mambo mawili. Nenda kwa Njoki umweleze ukweli, na wale waliosikia jina la Mbaabu likitajwa vibaya siku ile, uwaambie pia, na jina langu ulitaje. Halafu mwandikie Mbaabu mwenyewe. Usiandike kupitia kwangu. Anaweza asijibu, lakini ataisoma. Mama nitamwambia kwa kinywa changu nitakapokuja, usimtangulizie.

Msalimie shemeji Njue, na mwambie namwomba radhi kwa chai ile niliyompa nikiwa na siri moyoni. Wabusu watoto. Gacheri anakusalimu, amechora kitu kwenye karatasi nyingine akasema ni wewe, nimekitia humu ndani. Mungu awalinde katika baridi hii, nasi atulinde huku.

Ni mimi mdogo wako, mwenye haya mbele yako,

Celina