Vidonge vya Mtu wa Harusi

Jumanne, 3 Juni

Nimepunguza tena viuno vya suruali zake. Suti ya bluu nimeifumua yote. Mimi fundi nina wateja wasumbufu, lakini huyu niliyeolewa naye amewapita wote! Anajigeuza mbele ya kioo cha chumba changu cha kushonea kama bibi harusi. Eti: "Mama watoto, hebu tazama! Kitambi kimekwenda wapi?"

Kimepanda kichwani. Nilimjibu moyoni.

Haki yake nimpe — amejitahidi. Anatembea kila asubuhi, soda kaacha, chipsi kaacha. Basi angenyamaza! Mshereheshaji mzima, watu wamemwita aseme habari za maharusi, yeye anashika maikrofoni kuhubiri habari za tumbo lake.

Ijumaa, 6 Juni

Kliniki ya presha. Nilikaa pembeni yake, nimesikia kwa masikio yangu. Daktari — binti mpole, sauti ya chini — kampa hongera kwa kupungua. Ila presha bado iko juu, akasema, na vidonge visiachwe hata siku moja, kiharusi hakipigi hodi.

"Daktari, mimi mtu wa harusi. Kiharusi kitanifanya nini? Kaharusi kadogo hako!"

Akacheka peke yake. Tulipotoka nje: "Umesikia? Nimepona!" Katika maneno yote yale kachukua moja tu: hongera.

Jumatano, 11 Juni

Wifi yangu kaja na chai yake ya kupunguza unene, pakiti ya rangi ya dhahabu. Udaktari kausomea kwenye simu. Anasema vidonge vinaufundisha mwili uvivu. Kaka yake anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora. Na mwenyewe wifi kajaza kochi zima! Nikauliza: chai hii wewe hunywi? Akaigeuza pakiti upande wa pili. Halafu: "Wifi, una mdomo."

Ninao. Walau wangu hauuzi majani.

Alipoondoka, bwana kapandisha vidonge juu ya kabati. Kumbukumbu ya enzi za unene, anasema. Nikavishusha, nikaviweka kando ya kikombe chake. Akavirudisha, akakijaza kikombe chai ya dada yake. Nikavishusha. Watu wazima sisi!

Jumamosi, 14 Juni

Harusi, ukumbi umefurika. Suti imemkaa vizuri — mkono wangu huo. Alikuwa anamkaribisha baba wa bwana harusi, mara maneno yakaanza kuteleza. "Tumkari… tumkalibi…" Mdomo ukashuka upande mmoja. Maikrofoni ikamponyoka.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko! Walidhani anaigiza mlevi. Wakapiga makofi! Mijitu mizima imevaa tai, haijui kutofautisha mzaha na mtu anayezimika.

Nilipanda jukwaani kiatu kimoja mkononi. Nilipomshika, mdomo ulikuwa unarudi mahali pake. Akaokota maikrofoni: "Mmemwona mlevi wangu?" Wakacheka zaidi, naye akacheka nao. Nikamnong'oneza twende hospitali sasa hivi. Eti nimwache awahudumie watu. Mpaka keki ilipokatwa nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimemshika koti.

Jumapili, 15 Juni

Hataki. Eti uchovu. Eti joto la zile taa. Wifi kwenye simu: ni chai inasafisha damu, ndivyo inavyoanza. Inasafisha!

Nimempigia daktari. Sauti yake ilibadilika. Hilo ni onyo, alisema, linalofuata huenda lisirudi, mlete leo, usingoje kesho. Nikamwambia bwana. Akasema anakwenda kutembea, akatoka — na raba mpya!

Nilimchukia. Nilimchukia mpaka nikalia, halafu nikajikasirikia kwa kumlilia mtu wa namna ile.

Jumatatu, 16 Juni

Niko kwenye benchi, hospitali. Daftari lilikuwa ndani ya mkoba.

Asubuhi alikuwa anavaa shati. Mkono wa kushoto ukakataa kuingia. Akalaumu ushonaji — yaani mimi! "Umebana mno begani." Nikamtazama usoni. Mdomo umeshuka. Safari hii haukurudi.

Jirani katuleta kwa gari lake. Njia nzima bwana anamweleza, kwa ulimi mzito, namna ya kupunguza tumbo.

Wifi yuko hapa, pakiti kwapani. Nimemwambia akiifungua nitamkalia.

Yule binti daktari kaja mbio. "Baba, inua mikono yote miwili, uishikilie hivyo hivyo." Akainua mmoja. Wa kushoto umelala pajani kama nguo iliyovuliwa.

"Umeinua yote, baba?"

"Yote! Si mnaiona iko juu?" Akanigeukia, na nusu ya lile tabasamu lake la jukwaani. "Mama watoto, waambie."

Wote wakanitazama. Mimi, wa maneno yote haya — nikaushika tu ule mkono uliolala.

Wamemwingiza chumba cha kupiga picha ya kichwa. Wakati mlango unafungwa bado namsikia: si umeona? Nimeuinua, si umeona?

Muuguzi ananiita. Anauliza dawa ya mwisho kaimeza lini —