Nilifunga Boti Kama Mbuzi

Jumatatu, 7 Novemba 1988

Mwende ametupa kijiko cha uji kwa maji sasa hivi. Kikazama. Akakipungia mkono, "Bai." Miaka miwili na hana huruma. Uji uliobaki nimemlisha kwa kidole.

Siku ya pili kwa boti. Babake aliitengeneza mwenyewe, mbao na lami, baada ya ziwa la bwawa kumeza shamba letu. Tumepewa lingine huko juu, mto Tana unapoingia ziwani. Barabara hakuna. Tumebeba mifuko miwili ya pojo ya kupanda. Mvua imeanza, na kwetu ukikawia kupanda hata wiki moja, hutavuna. Mifuko miwili. Hiyo ndiyo mwaka wetu wote.

Saa sita Baba Mwende aliacha kupiga kasia, akasema tuko juu ya nyumba yetu. Nikaangalia. Maji tu. Sikusikia kitu.

Jumanne, 8 Novemba

Tutalala kwa kilima kidogo, maji pande zote. Tumeshusha sufuria, unga, panga, jerikeni na blanketi. Pojo imebaki ndani ya boti, kesho tunaondoka mapema.

Baba Mwende alinipa kamba nifunge boti kwa kisiki pale ufukoni. Nimefunga fupi, mafundo mawili, nikavuta nione. Mbuzi ukimpa kamba ndefu anaamkia mahindi ya watu. Nimefunga vizuri.

Jumatano, 9 Novemba

Boti imeenda.

Huko juu ilinyesha sana. Tulipoamka maji yalikuwa yamepanda kama urefu wa goti. Kisiki hakionekani. Kamba yangu fupi ilishika pua ya boti chini mpaka ikajaa maji, ubao wa mbele ukang'oka. Ubao ndio umebaki kwa kamba. Boti hatuioni.

Baba Mwende alipiga mbizi mpaka macho yakawa mekundu. Akatoa mfuko mmoja wa pojo. Wa pili hakuupata.

Ningetaka anitukane. Aliketi na ule ubao magotini, akaangalia fundo langu, akacheka.

"Asi! Mama Mwende, ulidhani itaenda kutafuta beberu?"

Halafu akasema boti huachiwa kamba ndefu, ipande na maji. Sasa ndiyo ananiambia.

Sikulia. Nilianika blanketi.

Alhamisi, 10 Novemba

Unga ni wa siku mbili. Asubuhi, jua likiwa juu, Baba Mwende amekumbatia jerikeni tupu akaingia majini, avuke ng'ambo atafute mtu mwenye boti. Mamba hatujawaona. Hatukuwaulizia.

Mwende akampungia mkono. "Bai."

Niliushika ule mkono nikaushusha. Kwa nguvu, mpaka akaniangalia.

Kichwa cha babake kilikuwa kama kibuyu, kisha kama punje, kisha maji. Nikasonga ugali. Nikafua rinda la Mwende. Lilikuwa safi.

Ijumaa, 11 Novemba

Hajarudi.

Mimi ndiye nilifunga.

Jumamosi, 12 Novemba

Hakuna upepo leo. Ugali wa mwisho amekula Mwende.

Nilifungua mfuko wa pojo nione. Imelowa, imevimba, imetoa vimkia vyeupe. Ikikaa mpaka kesho itaoza. Hapa si kwetu, na labda maji yatapanda tena yachukue kilima chote. Lakini mbegu imeshaamua. Nimechonga kijiti kwa panga nikaanza kuchimba.

Ninachimba, Mwende anatia. Mbili mbili, nimemwonyesha. Wakati mwingine anatia kumi. Nafunika kwa mguu kama mama alivyonifundisha. Na kila shimo likishafunikwa, analipungia mkono.

"Bai."

Leo sikumzuia. Nimemwambia, hii inarudi, mama. Siku tatu, nne, utaiona inatoka, kijani. Nikashangaa uso wangu umelowa. Mwende akaupangusa kwa mkono wa udongo.

Tumefika mstari wa saba. Nimeketi kidogo tu niandike, yeye anachimba chake na kidole. Ikiota tutakuja kupalilia. Nitamwambia babake alete kamba ndefu, na mimi ndiye nitafunga, nishajua

Kuna mtu anaita huko majini. "Mama Mwende! We, Mama Mwende!" Ni yeye. Anaita tena. Mwende ameinua mkono, na mimi nime