Kijiko Kimoja cha Mchuzi Mix kwenye Pasta ya Rehema

Jumapili. Theluji ya jana imegeuka tope la kijivu huko chini kwenye maegesho, nami nimekaa dirishani ghorofa ya kumi na moja, mikono inanuka kitunguu saumu na moyo umelowa. Leo sina la kujisifia. Niacheni niseme tu, wasomaji wangu.

Rehema ameondoka.

Hajaenda mbali. Yuko Malton, hapa hapa mjini, kwa shangazi yake, dada yangu Mwanaidi. Lakini ameondoka na lile begi kubwa, na amechukua mto wake. Mtu akichukua mto hajaenda kutembea.

Tangu madaktari wagundue kwamba tumbo la binti yangu halipatani na gluteni, hiyo iliyomo kwenye ngano na shayiri, kila mlo hapa nyumbani umekuwa mtihani. Maziwa nayo amekatazwa mpaka tumbo lipone. Ana miaka kumi na saba, na suruali zake anazishikiza kwa mkanda wangu. Mama yake yuko Tanga tangu mwezi wa kumi, anamuuguza bibi. Jiko limebaki na mimi, mtu ambaye kazini anaaminiwa kuendesha foklifti katika ghala la mizigo ya ndege, ila nyumbani alikuwa haaminiwi kukaanga yai.

Nimeshamuumiza mara mbili. Mara ya kwanza nilimkaangia viazi kwenye mafuta niliyokaangia maandazi, maana kwetu mafuta ya maandazi hayamwagwi. Mara ya pili nilimpakulia wali kwa mwiko uliotoka kwenye makaroni yangu. Mara zote mbili alilala siku nzima amejikunja, mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha tangawizi kama mganga aliyeishiwa dawa.

Tangu hapo hagusi nilichopika. Anakula ndizi, na mayai anayojichemshia mwenyewe. Juzi akaniambia, kwa kile Kiingereza chake cha upole kinachonitisha kuliko makelele, kwamba anataka kuhamia kwa shangazi. Mwanaidi ana hali hiyo hiyo, na jiko lake halijaona ngano kwa miaka saba. Miaka yote hiyo saba mimi ndiye niliyekuwa nikimtania kila sikukuu: "Dada, huo ugonjwa wa Kizungu umefuata nini kwa mtu wa Tanga?" Watu walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda.

Nikamwomba Rehema anipe Jumapili moja. Nikimpikia mlo mmoja ukampita salama, abaki nyumbani. Ukimdhuru, aende. Akakubali.

Nilijiandaa kama mtu anayepeleka posa. Nikanunua sufuria mpya, chujio jipya, mwiko mpya. Nikasugua jiko mpaka mgongo ukagoma. Blenda niliiazima kwa Mwanaidi, ambaye alinipigia simu asubuhi.

"Kaka, unapika au umefungua maabara?"

"Napika."

"Basi soma kila paketi. Nimesema kila paketi, we mzee."

Nikazisoma. Hata chumvi niliisoma.

Nilichagua pasta ya sosi nzito nyeupe, ile aliyokuwa akiiomba kila siku yake ya kuzaliwa tangu mdogo. Tambi nilipata za mahindi na mchele, ambazo ukizipa kisogo dakika moja zinakuwa uji. Krimu niliitafuta kwenye korosho. Niliziloweka jana, leo nikazisaga na tui la nazi, kitunguu saumu, ndimu, na vile vipande vya njano vya hamira mfu ambavyo eti vina ladha ya jibini. Vina ladha ya boksi, lakini sikutaka ugomvi.

Sosi ikatoka laini, nzito, inang'ang'ania mwiko. Nikaonja. Imepooza, haina ladha.

Hapo mkono wangu ukaenda kabatini bila kuniuliza, ukachukua mchuzi mix, ukatia kijiko kimoja. Mama Rehema kila akienda Tanga anarudi na paketi kumi za mchuzi mix katikati ya nguo zake. Tumekula nazo maharage, samaki, mpaka bata mzinga wa Krismasi wa jirani. Nani anasoma mchuzi mix? Ni kama kumwomba mama yako kitambulisho.

Rehema alionja kwa woga, kama anayejaribu maji ya kuoga. Akaonja tena. Akafumba macho.

"Baba, tamu sana," akasema. Kwa Kiswahili, bila kuombwa. Akainua sahani. "Niongeze."

Nikamwongeza. Nikarudi jikoni nikitembea kama bwana harusi. Nikaanza kupanga vitu, na ile paketi ilikuwa imelala kifudifudi, maandishi madogo yakinitazama. Chumvi. Unga wa ngano.

Unga wa ngano, jamani. Kwa Kiswahili safi kabisa.

Sasa linakuja gumu.

Sikusema mara ile. Nilisimama na paketi mkononi nikamtazama akila. Nilijiambia kijiko kimoja kwenye sufuria nzima si kitu. Nilijiambia huenda tumbo limeshapona. Ukweli ni kwamba nilitaka aendelee kula chakula changu akiwa na uso ule. Uma ulikwenda mdomoni mara nne. Najua ni nne kwa sababu kila mara nilisema, sasa hivi, sasa hivi namwambia.

Ndipo nikamwambia.

Aliweka uma chini taratibu. Hakupiga kelele. Aliuliza kwa Kiingereza kama ndiyo kwanza naiona ile paketi.

Nikasema ndiyo. Sasa hivi.

Akanishika mkono! Akasema kukosea kila mtu hukosea, na kwamba angalau baba yake humwambia papo hapo. Nilitamani aniangushie sahani kichwani.

Haikupita saa moja tumbo likamshika. Mwanaidi akaja na gari. Dada yangu, ambaye hajawahi kuiacha nafasi ya kunisema ipite, alichungulia sufuria, akaiona paketi, akaenda kulichukua begi la Rehema. Alipofika mlangoni na begi ndipo akageuka.

"Hata mimi ilinipata, kaka. Mwaka ule wa kwanza, mchuzi mix huo huo. Niliugua wiki nzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unacheka."

Sufuria bado iko jikoni. Chakula kimepoa, sosi imeganda juu kama rangi ya ukuta. Sijaweza kukila wala kukimwaga.

Kosa la paketi nitajisamehe siku moja, maana ni ujinga, na ujinga mimi ninao wa kutosha kugawia jengo zima. Zile mara nne ndizo zimenikalia kooni. Mtoto aliyeondoka na mto wake anaamini kitu kimoja kizuri juu yangu, na kitu hicho si kweli.

Na nikiri jingine. Rehema Kiswahili anakisikia, kukisoma hawezi. Ndiyo maana nimeweza kuyamwaga haya yote hapa mbele yenu, nikajiona mkweli, wakati yeye peke yake ndiye anayepaswa kuyajua na ndiye pekee asiyeweza kuyasoma.

Kesho zamu yangu inaisha saa tisa alasiri. Kutoka ghalani hadi kwa Mwanaidi ni vituo vitatu vya basi. Nitakwenda mikono mitupu, sitabeba hata ndizi. Nitakaa mbele yake nimwambie niliiona ile paketi kabla sijasema, nikamwacha ale. Nitasema kwa Kiingereza, kivunjike kinavyovunjika, asibaki na pa kuuliza nilimaanisha nini.

Akitaka kukaa huko mpaka mama yake arudi, nitampelekea na blanketi.