Ukurasa wa Ishirini na Saba

S.L.P. 61,
Iguguno,
Singida.
19 Agosti 2024.

Mpendwa dada Lea,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta huko Songea umeshiba na umelala vizuri. Goti la shemeji linaendeleaje? Na watoto, bado wanakula kama nzige? Sisi huku tunapumua. Mimi mdogo wako sura bado ninayo, ila nimeongezewa nyuzi tisa juu ya sikio la kushoto. Nitakueleza.

Najua umesikia mdogo wetu Sixbert yuko hospitali mjini Singida, na kwamba kila unayempigia anakuzungusha. Simu zako sikuzipokea makusudi. Mimi niliyelala Lubumbashi chini ya lori risasi zikipita juu, nimeikimbia simu ya dada yangu.

Unakumbuka mwaka jana ile Bodi ya Mbegu za Mafuta ya Kanda ilipoagiza alizeti yote ipitie ghala lao, na mwenye mashine ya kukamua asinunue kwa mkulima. Walikuja kwangu na mgambo. Fundi wangu Yeremia alisimama mlangoni, wakampiga rungu la mdomo, meno mawili yakabaki kwenye mashudu. Wakabeba magunia, mashine wakaipiga kufuli. Sixbert hakuwemo. Yeye, ingawa ni mgambo wa Bodi, kazi yake ilikuwa kwenye geti lao la barabara kuu.

Basi wenye mashine tisa tukaenda Mahakama Kuu. Mimi nilikuwa mwombaji wa tatu, lakini wakili alinisikiliza kuliko wa kwanza, nadhani ni ile suti ya Kigali. Miezi kumi na moja, dada. Mwezi uliopita jaji akasema agizo lile halikutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, kwa hiyo ni batili: mashine zifunguliwe, alizeti irudi kwa wenyewe. Karatasi imewapiga mweleka watu ambao sisi na misuli yetu tuliwashindwa. Wakamuaji wa Manyoni wamenipigia wakitaka nakala, nao wafungue kesi yao. Na Bodi, iliyokuwa inatuagiza kama ng'ombe, sasa inaita wakulima kikao kuwauliza kabla haijaandika kanuni mpya.

Ningenyamaza hapo ningekuwa shujaa.

Siku ya gulio nilipanda juu ya magunia na hukumu yangu ya kurasa thelathini na nne. Unatujua sisi tunavyosoma barua kwenye kikao cha harusi: mwanzo tunausoma, mwisho tunausoma, katikati tunasema ni maelezo. Na mimi hata kidato cha pili nilikimaliza kwa kuruka katikati. Nikasoma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya mhubiri, nikasoma wa mwisho, watu wakapiga vigelegele. Asnath, yule mjane ambaye magunia yake mawili yalimwagwa pale getini mwaka jana, akaniuliza, "Na geti je?"

Nikajibu kwa kifua chote, "Geti limekufa pamoja na agizo lake."

Sikuwa nimesoma popote kuhusu geti.

Dada, sijawahi kuona watu wakigeuka haraka hivyo. Walichomoa mipini ya majembe ya kuuza, wakang'oa nguzo za vibanda, wakashika barabara. Bomba la geti walilikunja. Kibanda walikiangusha na mabati yakakanyagwa mpaka yakawa kama karatasi. Wenzake Sixbert wawili walitokomea kwenye mtama. Yeye hakukimbia. Aliona ni sisi. Alitoka akiwaamkia watu kwa majina, shikamoo mama fulani, habari ya nyumbani, mkono ameunyoosha, na mpini wa kwanza ulitua kwenye mkono huo huo. Nilisikia mfupa. Akaanguka, wakamfuata chini kwa mateke, na jiwe likampata jichoni.

Nilijirusha juu yake. Ndipo nilipopata hizi nyuzi. Nilipiga kelele kwamba ni ndugu yangu, na walionipiga walikuwa wateja wangu.

Jicho la kulia halipo tena, dada. Usisikie kwa mtu mwingine.

Kesho yake wakili alinifungulia ukurasa wa ishirini na saba. Jaji ameandika kwamba geti la kukagua mbegu zenye ugonjwa ni halali na libaki, ila lisizuie mtu kuuza. Sixbert alisimama pale kwa amri ya mahakama ile ile niliyokuwa naitangaza mimi. Polisi wamechukua watu watano, Asnath akiwemo. Mimi hakuna aliyenitaja. Watu wananipenda, na hilo ndilo linaloniumiza usiku na mchana.

Nilipeleka kondoo kwa mama, wa kusafisha damu, kama mila inavyotaka. Nikaenda kumwambia Sixbert hospitali. Akasema, "Kondoo arudi machungani. Wewe nisomee. Yote."

Nikasoma yote, kwa muda wa saa nne, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakinisahihisha. Nilipofika ishirini na saba akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia." Nikarudia mara ya tatu. Akageuza lile jicho lililobaki akanitazama. "Sasa kaisome hivyo hivyo pale pale ulipopanda. Ukimaliza ndipo uje uniite ndugu."

Gulio ni Alhamisi. Nitapanda juu ya magunia nisome kurasa thelathini na nne, hata wakinirushia mawe. Nikishuka naenda polisi kwa miguu yangu, niwaambie nani alilitangaza geti kuwa limekufa. Yeremia ataendesha mashine. Wewe njoo ukae na Sixbert, asiamke kitandani akakuta hakuna mtu wa kwao.

Yustina mke wangu anakuamkia. Mama anakusalimu, na binti yetu Scola anasema amekuwekea dumu la mafuta mapya. Wasalimie shemeji na watoto. Mungu akulinde njiani, wewe na macho yako yote mawili.

Wako akupendaye, hata ukinikasirikia,

Simeoni.