Tamaa Niliyoiona Mtoni Lubiriha

Bwera, Jumapili baada ya Misa

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Amani ya Mungu ikukute hapo Butembo umeketi nyumbani, si ukikimbia vita. Mgongo wako unaendeleaje? Watoto wamerudi shule? Sisi huku tu wazima, na bugali yangu na sombe ya majani ya muhogo bado vina wateja hapa kibandani.

Yaya, nimeona jambo ambalo nikilikumbuka mwili unanisisimka. Wiki hii walikuja watu wa televisheni kutoka Kampala kupiga picha za mchezo wa polisi na wauaji. Wanasema kila kipindi mtu anauawa, na polisi wakichimba wanakuta mzizi ni tamaa tu: urithi, dhahabu, nyumba. Safari hii ni ndugu wawili wa Karambi na shamba la kakao la marehemu baba yao.

Muuaji aliigizwa na Yowasi, mmoja wa hao wageni, ambaye alikuwa akila kwangu kila mchana. Mpole kupita kiasi! Anasali kabla ya kula, akimaliza analeta sahani mwenyewe na kusema, "Wasingya, mama," asante ya lugha yetu aliyojifunza hapa hapa.

Alhamisi niliwapelekea chakula mtoni. Nikamkuta amemkaba nduguye wa mchezo kwenye maji ya magoti. Yaya, sikumjua. Uso ulikuwa wake, lakini ndani mlikuwa na mtu mwingine. Alicheka na kulia kwa pamoja: "Yote ni yangu! Hata kaburi la baba ni langu!"

Vijana wa bodaboda waliokuwa wakiosha pikipiki zao hawakuiona kamera iliyokuwa nyuma ya majani.

"Anaua mutu! Mumukamate!"

Wakamvamia kwa ngumi na mawe. Wenye kamera walipiga kelele, lakini nani awasikie? Nikatupa sufuria, nikaingia majini na kitenge changu, nikamlalia juu.

"Mumuache! Ni muchezo! Huyu anakulaka kwangu!"

"Toka, mama! Tulimuona na macho yetu!"

Ndipo maiti akainuka majini huku akikohoa, akaja kumkumbatia muuaji wake. Yaya, kijana mmoja jiwe likamtoka mkononi lenyewe.

Nilidhani watafunga vitu vyao waondoke. Yowasi alijifuta damu mdomoni, akasema, "Turudie." Wakarudia, nasi sote tumesimama ukingoni tukijua kabisa ni mchezo. Nakuapia, niliogopa kuliko mara ya kwanza.

Baadaye wale vijana walikuja kwangu kumwomba radhi, wakala naye sahani moja. Mmoja akamuuliza, "Kaka, ile roho mubaya unaitoaka wapi?"

"Iko humu ndani," Yowasi akajibu. "Naifungulia mlango, kisha nafunga."

"Na siku mulango ikikataa kufunga?"

Yowasi aliweka tonge chini, akatutazama mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alishusha macho. Hata mimi, Yaya, maana mlango huo nami ninao.

Nisalimie shemeji, shangazi yetu muuza maziwa, na katekista aliyenifundisha kusoma. Nawaombea wote kila Misa.

Ni mimi, mdogo wako uliyenibeba mgongoni,
Kavira