Kovu la Mtoto wa Mulenge

Neema mjukuu wangu,

Huku Nyamianda tuko wazima, na dada yako amejifungua binti.

Umeniuliza kama programu yako isafishe picha za watu mbele ya kuziweka mu database. Wakati wa usichana wangu nilifanya kazi kwa mpiga picha. Huyo patron wangu alikuwa anafuta makovu kwenye filamu yenyewe, na watu walipenda. Kisha mama mmoja akashuka toka Mulenge. Mtoto wake alikuwa amefariki, akaomba tumtolee tena picha ya huyo mtoto tuliyoipiga zamani. Tukamtolea. Akapitisha kidole kwenye paji la ile sura.

“Na kovu yake iko wapi?”

Hatukuwa na pa kuitafuta.

Weye weka faili vile ilivyokuja. Uzuri uutie kwenye kopi. Na siku utakapotafuta picha yangu humo, unikute na makunyanzi yangu yote.

Ni minye, koko wako.