Zipu ya Mgongoni

Jumapili, 2 Machi

Sikwenda harusini. Basi, nimeandika. Sikwenda!

Jana binti wa Fundi Mkasi kaolewa, karakana nzima ilikuwepo, na mimi nimekaa kitandani na gauni la bluu, mgongo wazi. Zipu ilipanda mpaka katikati ikagoma. Nikapitisha mkono kwa juu, nikapitisha kwa chini. Nikafunga uzi nikavuta kupitia begani—ukakatika. Nikajaribu hanga, nusura nijichune ngozi. Zamani aliifunga mzee, mume wangu, huku akinung'unika: vuta tumbo ndani, mke wangu. Sasa yuko kwa huyo mwingine, na sanduku lake, tangu Oktoba. Mshonaji mzima nashindwa na zipu!

Mama Pacha, jirani yangu wa mashine, akapiga simu: kiti nimekushikia, uko wapi? Nikamwambia mzee ana homa. Akasema mpe pole. Haya, nitampa.

Jumatatu, 3 Machi

Kazini ni harusi tu. Keki, nani alicheza, nani aliteleza. Fundi Mkasi—ndiye mkata vitambaa wetu, na mdomo wake ni mkali kuliko mkasi wake—akaniuliza mgonjwa anaendeleaje. Hajambo, nikasema, jana kanywa uji. Uji! Hakuna aliyeniuliza amekula nini.

Jioni dukani: mikate miwili kama kawaida? Nikasema miwili. Wa pili unaota ukungu kabatini. Sijui namwogopa nani, muuza mikate?

Jumatano, 5 Machi

Msimamizi amevirudisha vikao vya mawazo. Wateja wamepungua. Anasema tusipotoa kitu kipya mashine nyingine zitafunikwa—na alipotamka hivyo akatupia jicho upande wetu, mimi na Mama Pacha. Tumeona.

Sheria ni zile zile. Kwanza kisa, ndipo wazo: useme lilimkuta nani na ilikuwaje. Wazo lisilo na kisa halisikilizwi. Na duru ya kwanza ni marufuku kusema "lakini". Ukiitamka unasimama mpaka kikao kiishe. Fundi Mkasi alisimama hata kabla chai haijamiminwa.

Nikajikuta nimenyoosha mkono. Nikasema: gauni la heshima, la kutokea, ambalo mtu aliye peke yake anaweza kulifunga. Msimamizi akauliza, kisa? Nikasema—dada yangu. Anaishi peke yake. Kakosa harusi Jumamosi iliyopita kwa ajili ya zipu.

Fundi Mkasi, kule alikosimamishwa: hivi wewe una dada? Ninaye, nikasema. Mungu anisamehe, kwetu ni mimi na kaka watatu.

Halafu kikao kikachangamka! Mimi nilifikiria kamba ndefu kwenye zipu. Mama Pacha akasema, na zipu ihamie ubavuni. Fundi Mkasi akasema, na hiyo zipu ya nini, tupishanishe kitambaa mbele, vifungo vijifiche chini ya ukanda. Mpiga pasi naye: mama yake ana bega bovu, haliinuki, magauni ameyaacha kabisa. Kumbe wako wengi! Wazo langu lilizunguka meza, kila mtu akiliongezea kitu, na mimi nikasahau kabisa kwamba kuna kurudi nyumbani.

Jumamosi, 8 Machi

Mvua. Tangu jana jioni sijasema neno. Leo nilipomwagiza mwenye duka sukari, sauti ikatoka imekwaruza. Akauliza kama nina mafua. Nikasema ndiyo.

Jumatano, 12 Machi

Sampuli inashonwa. Mwenye maduka yanayouza nguo zetu kaonyeshwa mchoro, kapenda, anataka mzigo mzima! Kitambaa kitatandikwa Jumatano ijayo na kukatwa siku hiyo hiyo. Likiuzika, hakuna mashine itakayofunikwa. Mama Pacha alinikumbatia mpaka pini ya kifuani kwake ikanichoma.

Ila nani atalijaribu? Mpiga pasi alijitolea. Mama Pacha akakataa: sisi sote nyumbani tuna watu, ukikwama kidogo tu unaita. Atakayelijaribu ni dada mtu, ndiye mwenye shida.

Vipimo vyake? Nikavitaja. Sikuwa na vingine kichwani ila vyangu. Mama Pacha akaandika, akainua macho, akanitazama kuanzia mabegani kushuka chini. Mtu tunayekaa naye mashine kwa mashine, ananijua mpaka kiuno.

Msimamizi anataka dada aje kikaoni akiwa amelivaa. Fundi Mkasi akacheka: aje tumwone, huyo dada anayealikwa harusi siku moja na ya binti yangu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu imeisha.

Jumapili, 16 Machi

Nimelivaa gauni la sampuli, nililopewa nimpelekee dada. Vifungo vya mbele vinaingia vyote! Ukanda unakaa, kiuno kinakaa. Nikacheka kwa sauti, nikageuka nimwonyeshe mtu. Kioo tu.

Kisha kola ikaniangukia begani. Nikapapasa nyuma ya shingo—kuna kifungo! Kidogo, cha kushikilia kola, Fundi Mkasi kakiweka mwenyewe ili shingo ipendeze. Nilihangaika nacho mpaka mikono ikafa ganzi. Nikalia. Mtu mzima, nalilia kifungo kama punje ya mahindi! Hawakukusudia ubaya. Mwenye mtu nyumbani hawezi kukiona kifungo kile, maana wakati wa kukifunga anainamisha shingo tu, basi, kimefungwa.

Nikisema dada anaumwa hakuja, kitambaa kitakatwa na kifungo kikiwemo. Watalinunua wale wale wenye shida kama yangu, na watakaa vitandani kama mimi. Lirudishwe dukani, na mashine zetu zifunikwe. Nikisema kimemshinda, wataniambia mlete aseme mwenyewe, sisi tunataka kisa.

Nimemchoka huyu dada. Na nimechoka na mzee na uji wake. Nataka mtu ajue.

Jumatano, 19 Machi

Niko chumba cha kubadilishia, daftari juu ya goti. Naandika ili nisitoke kwanza.

Asubuhi Msimamizi kanipokea mlangoni: dada yuko wapi? Nikasema yupo, anavaa. Nikapita na mfuko wangu moja kwa moja mpaka huku. Nimevaa. Kola imelala begani. Mlango naujua ulipo, miguu ndiyo haitaki.

Mama Pacha kaingia bila kubisha. Hakushtuka, hakuuliza dada yuko wapi. Akanizunguka, akasimama nyuma yangu. Vidole vyake vina joto. Shingo hii haijaguswa na mtu tangu Oktoba, nilifumba macho. Akakishika kifungo. Nikangoja akifunge.

Akasema polepole, nikufungie, au nikiache wakione?

Nikamwomba dakika moja. Amekwenda kuegemea mlango asije mtu akaingia, na hanitazami, anatazama kucha zake. Nje Fundi Mkasi anauliza kwa sauti kama huyo dada anavaa gauni au analishona upya. Watu wanacheka. Msimamizi anasema kitambaa kimeshatandikwa, mkasi unangoja neno letu tu.

Mama Pacha ananiuliza tena, kwa sauti ya chini kuliko mwanzo. Nimeinuka. Naandika nimesimama: kiache, nimemwambia, wakione.